Mke wa Cephas

Wajane wawili. Lynnet Awino aliitazama namba hiyo kwenye kompyuta, akaifunga kompyuta, akaifungua tena, kana kwamba mashine ilikuwa imechoka tu na baada ya kupumzika ingesema ukweli. Namba haikubadilika. Siku hiyo wanawake arobaini walikuwa wamehojiwa kisiwani Rusinga, kila mmoja mwenye nyumba yake na watoto wake, na kati yao wajane walikuwa wawili. Lynnet alizaliwa Rusinga. Angesimama nje ya kanisa lolote la kisiwa hicho baada ya ibada, angehesabu wajane zaidi ya hao kabla hajamaliza kufunga mwavuli wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chuo kikuu kilikuwa kimepewa jukumu la kuwahesabu wajane wa Homa Bay na Migori wanaosumbuliwa kwa ajili ya mashamba. Shirika moja liliahidi kupeleka mawakili wa bure mahali ambapo hesabu ingeonyesha wajane ni wengi. Pasipoonekana wajane, hapana wakili. Lynnet, ambaye ni mhadhiri wa takwimu, aliitwa awafundishe wahadhiri vijana na wanafunzi wa uzamili kukusanya data: namna ya kuchagua nyumba bila upendeleo, namna ya kuomba idhini, namna ya kushika tableti bila kumsahau mtu aliye mbele yako. Jumatatu wangeanza kazi kamili Kosele, kisha washuke Migori mpaka kwa Wakuria mpakani. Rusinga ilikuwa ya majaribio.

Katika masomo yake yote lipo moja alilowapigia kelele hadi wakaliota usingizini. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usiongeze, usipunguze, usimfafanulie mtu, usimsaidie kujibu. Aliwaketisha wawili wawili katika ukumbi wa kanisa pale Mbita, mmoja akijifanya mhojiwa, na yeyote aliyethubutu kusema "yaani namaanisha hivi, mama" alisimamishwa na kurudishwa mwanzo. Walimwogopa, na yeye aliifurahia hofu hiyo kidogo.

Swali la ndoa hakuliandika yeye. Liliandikwa Nairobi na Daktari Gichana, mzaliwa wa Kisii na mkuu wa mradi, mtu wa maneno mazito na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Umeolewa, hujaolewa, umeachika, au ni mjane? Siku ya kwanza tu Lynnet alimwambia kwamba swali hilo halingefika mbali upande huu wa ziwa. Gichana alitabasamu akasema wataona kwenye majaribio. Haya, wakaona.

Maana mke wa Kijaluo akifiwa na mume haachi kuwa mke. Huitwa chi liel, mke wa kaburi, na mume wake amelala pale pale uani, ubavuni mwa nyumba, chini ya saruji kama kulikuwa na uwezo, chini ya udongo mtupu kama hakukuwa nao. Shamba ni la mume, boma linaitwa kwa jina la mume. Mwulize mwanamke huyo kama ameolewa, atakujibu ndiyo, na hatakuwa amekudanganya. Mwite mjane asiye na mume, umemwambia kwamba hana haki ya kulala katika nyumba ile. Jambo hili linajulikana na kila mtoto wa Rusinga, ila halijulikani na watu wanaoandika maswali.

Lynnet alianza kuyapitia majibu nyumba kwa nyumba, meno yakiwa yameumana. Ndipo akamfikia Phelesia Atieno. Ameolewa. Mkuu wa kaya: Cephas Omondi.

Phelesia alikuwa mama yake mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake. Cephas alikufa miaka sita iliyopita, na Lynnet mwenyewe alilia kwenye mazishi hadi sauti ikamkauka. Phelesia hakujaliwa mtoto wa kiume. Mabinti zake wameolewa mbali. Tangu msiba ule, mdogo wake Cephas, bwana mmoja aitwaye Okinyi, alikuwa akilimezea mate lile shamba linaloteremka hadi ziwani. Alikuwa ameshauvuka mpaka na plau yake, kwanza kidogo, halafu bila aibu. Jumapili hii baada ya kanisa ukoo ungekaa kuamua. Kama kuna mtu mmoja katika kaunti nzima aliyemhitaji wakili, basi ni Phelesia, na mashine ilikuwa inasema mama huyu ana mume na mambo yake yako shwari.

Aliyemhoji ni Valentine Bichage, mhadhiri msaidizi kutoka Migori, kijana mpole aliyeandika kila neno la mafunzo. Lynnet alimwita akamwuliza kama hakuliona kaburi.

"Nililiona, Dokta," Valentine alisema. "Lakini ulituambia tusimsaidie mtu kujibu. Nikasoma vile imeandikwa."

Kijana alikuwa amefanya barabara yale aliyofundishwa, na hasira ya Lynnet, iliyokuwa imeshajiandaa kumrukia mtu, ikabaki ikizunguka kifuani bila pa kutua. Usiku huo alilala vibaya.

Asubuhi, siku ya Ijumaa, alimkuta Gichana akinywa chai na mandazi nje ya ukumbi. Alimweleza yote bila kuzunguka: chi liel, makaburi, Okinyi na plau yake. Alimwomba swali libadilishwe. Wanawake waulizwe tu kama mume yuko hai, basi, na waulizwe ndani ya nyumba wakiwa peke yao. Gichana alimsikiliza huku akipangusa sukari vidoleni. Kisha akaanza. Swali hilo limetumika nchi nzima, wakilibadilisha watalinganisha na nini? Kamati ya maadili imeshaipitisha hojaji, nani atarudi kuwapigia magoti? Na kwa vyovyote mtu mzima anajua kama ana mume au hana. Labda Rusinga wajane ni wachache kweli. Labda ni Lynnet aliyezoea kuwaona wengi kwa sababu ni nyumbani.

Hoja za kamati na kulinganisha Lynnet angeweza kuzivumilia, kwa sababu mtu anayefanya kazi hii huzikuta kila siku na nyingine zina maana. Lakini Gichana aliongeza moja, kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya.

"Sasa hivi, Lynnet, unaongea kama mtu wa Rusinga. Huongei kama mtafiti."

Maneno hayo yalimkata maini. Lynnet ana shahada zile zile alizo nazo Gichana, na mbili kati ya makala zilizompandisha Gichana cheo hesabu zake zilifanywa na Lynnet. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba ni sawa, basi watakwenda wote Rusinga sasa hivi, na yeye Gichana ashike tableti mwenyewe, asome swali lake mwenyewe, kwa mwanamke ambaye Lynnet atamwonyesha. Kama baada ya hapo bado ataliona swali ni zuri, Lynnet hatafungua mdomo tena.

Gichana alikubali upesi. Hajamhoji mtu kijijini tangu awe daktari, na nadhani wazo hilo lilimpendeza.

Walivuka daraja la Mbita katika gari la chuo, Valentine akiwa nyuma kama mtazamaji. Njia nzima Lynnet alitazama nje. Kila mtafiti aliyepita mikononi mwake anajua kwamba kabla ya swali la kwanza unazungusha macho uone nani yuko karibu, nani anasikia, na kama kuna mtu asiyetakiwa unangoja au unaahirisha. Ndilo lilikuwa somo la siku ya pili, na alilifundisha vizuri. Siku hiyo yeye mwenyewe hakuzungusha macho. Hakuona kwamba ng'ombe wa kulimia walikuwa wamefungwa nira ng'ambo ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu, hatua chache kutoka mlangoni kwa Phelesia. Alikuwa na hamu moja tu, kuuona uso wa Gichana ukibadilika.

Phelesia alifurahi kumwona. Alimwita nyathina, mwanangu, akamkumbatia, akawatolea wageni viti akaviweka kivulini mbele ya nyumba. Lynnet alimwambia kwa Kijaluo kwamba huyu ni mkubwa wao kazini na angependa kumwuliza maswali ya jana tena. Phelesia alishangaa kidogo, kwa kuwa jana alishajibu, lakini mgeni ni mgeni na huyu ameletwa na mtoto wake. Alikaa, akakunja mikono juu ya leso.

Gichana aliomba idhini, akaanza kusoma kwa sauti ya ukumbi wa mihadhara, ile sauti inayomfikia hata anayesinzia nyuma. Umri. Elimu. Dini. Halafu swali lenyewe, lote, kama lilivyoandikwa.

"Nimeolewa," alisema Phelesia.

Gichana alimtupia Lynnet jicho, na pembe ya mdomo wake ikainuka. Akaendelea. Mkuu wa kaya hii ni nani?

"Cephas Omondi."

Yuko nyumbani leo? Phelesia alijibu kwamba yuko. Sasa hojaji ya Gichana inasema kwamba sehemu ya mashamba aulizwe mkuu wa kaya mwenyewe iwapo yupo, na Gichana si mtu wa kuruka maelekezo aliyoyaandika kwa mkono wake. Aliuliza kwa heshima kama angeweza kuzungumza naye.

Phelesia alimtazama Lynnet, akijaribu kuelewa kama anafanyiwa dhihaka. Lynnet aliinamisha macho. Basi mama yule akainuka, akatembea polepole hadi ubavuni mwa nyumba, penye saruji iliyoanza kupasuka, akaiondoa kwa mguu takataka ya majani iliyokuwa juu yake.

"Huyu hapa," alisema. "Muulize."

Valentine aliangalia chini. Gichana alisimama na tableti yake mkononi, na ule uso ambao Lynnet alikuwa amevuka daraja kuja kuutazama ulibadilika sawasawa alivyotaka. Ulilegea, ukazeeka. Kwa dakika moja Lynnet alishiba. Nisiseme uongo, alifurahi.

Lakini Gichana ni mtu wa kusahihisha makosa. Hakuweza kusimama mbele ya jibu lisilo sahihi bila kulishughulikia, na aibu ilimfanya apandishe sauti badala ya kuishusha.

"Oh, pole sana, mama. Pole sana. Kumbe wewe ni mjane, huna mume. Hakuna shida, nabadilisha hapa. Naandika: hana mume."

Ng'ambo ya ua ng'ombe walisimama. Okinyi akatokea penye mwanya, mjeledi begani, matope hadi magotini. Alimsalimia Gichana kwa mikono miwili, kwa heshima yote anayopewa mtu wa serikali, maana kwake kila aliyeshika tableti ni mtu wa serikali.

"Andika hiyo maneno vile umesema, daktari," alisema. "Na Jumapili tutakuita ukuje useme mbele ya watu. Mimi nimeambia ukoo huyu mama hana bwana hapa, wanakataa. Leo nimesikia kwa mtu amesoma."

Phelesia aliwapa Okinyi na Gichana mgongo. Aligeuka kwa Lynnet, na alipozungumza Kijaluo chake kilikuwa kikavu, hakina mwanangu ndani yake.

"Miaka sita amenitafutia neno hilo mdomoni, sijalitoa. Wameniletea wazee, wameniletea chifu, sijalitoa. Wewe umemletea mtu wa kulisema mlangoni kwangu, Cephas akisikia."

Hapo ndipo Lynnet alipouona ua, na nira, na mwanya, na kila kitu alichopaswa kukiona alipoteremka garini. Alimkasirikia Okinyi, alimkasirikia Gichana na sauti yake, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, mwalimu mkubwa wa faragha ya mhojiwa. Lakini kujikasirikia kusingemsaidia mama yake mdogo kwa lolote, na Okinyi alikuwa bado amesimama pale akitabasamu.

"Daktari Gichana," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wanafunzi wake waliijua na kuiogopa. "Ulisoma swali vile limeandikwa?"

Gichana alisema ndiyo.

"Akajibu nini?"

"Alisema ameolewa, lakini Lynnet, wote tunaona kwamba..."

"Sikuuliza unaona nini. Mtafiti haandiki anachokiona, anaandika alichojibiwa. Rudisha alivyosema. Halafu msomee huyu bwana, asikie."

Gichana aliishusha tableti. Alimtazama Phelesia, akalitazama kaburi, kisha akamtazama Okinyi na matope yake, na nafikiri ni wakati huo, si kabla, alipoelewa kwamba neno moja katika tableti yake lilikuwa na uzito wa shamba zima. Tuseme haki yake pia: alipoelewa hakusitasita. Alibonyeza, akajisafisha koo, akasoma kwa ile ile sauti ya ukumbi wa mihadhara.

"Phelesia Atieno. Ameolewa. Mkuu wa kaya, Cephas Omondi, yuko nyumbani. Chuo kikuu kimeandika hivyo, na hakitabadilisha."

Okinyi alisema alisikia lile la kwanza kwa masikio yake mawili. Gichana akamwambia kwamba la kwanza lilikuwa kosa lake yeye, kosa la mgeni asiyejua nyumba za watu, na kama ukoo ukimwita Jumapili atakuja kusema kosa hilo mbele ya kila mtu. Okinyi alicheka kidogo. Alisema watu hawakumbuki marekebisho, wanakumbuka neno, na neno limeshatoka. Akarudi kwa ng'ombe wake akiwapigia mluzi, na punde plau ikaanza kukwaruza tena upande ule wa mpaka.

Gichana alisogea karibu na Lynnet, akamnong'oneza. Swali litabadilishwa. Ataandikia kamati leo hii, na kama kamati itachukua wiki, basi Kosele watangoja wiki. Wanawake wataulizwa ndani, peke yao, kama mume yuko hai. Litakuwa kama Lynnet alivyotaka, neno kwa neno. Alisema alikuwa amekosea na Lynnet alikuwa sahihi. Haya ndiyo maneno ambayo Lynnet alitamani kuyasikia tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na sasa alipoyapata yalimkera tu, akamwashiria anyamaze.

Phelesia alikuwa akivirudisha viti ndani. Valentine alitaka kumsaidia, mama yule akamnyang'anya kiti. Alipomaliza alisimama kizingitini, mkono mmoja juu ya mlango.

"Mlikuwa mnabishana juu ya nini, wewe na huyu?" alimwuliza Lynnet.

Lynnet alimweleza. Alisema lilikuwa swali la ndoa, kwamba limeandikwa vibaya, kwamba kwa sababu yake wajane wa Rusinga wasingeonekana na wakili asingekuja. Alisema alitaka Gichana aone kwa macho yake.

"Na sasa ameona?"

"Ameona, Mama. Amekubali."

"Na wakili atakuja Jumapili?"

Lynnet alitikisa kichwa. Mawakili wangekuja baada ya hesabu kwisha, baada ya ripoti kuandikwa, pengine mwakani, kama wangekuja.

"Basi umeshinda," alisema Phelesia. "Nenda ukafundishe wanafunzi wako ulivyoshinda."

Lynnet alisema atakuja Jumapili. Alisema atakuja na Gichana, watakaa mbele, Mama hatasimama peke yake mbele ya watu wale.

"Utasimama kama nani?" Phelesia alimwuliza. "Mtoto wa dada yangu hana neno katika ukoo wa mume wangu. Hilo unalijua. Ulizaliwa hapa, unayajua haya yote, na bado ulimleta. Huyu mtu wa Kisii nimemsamehe, hakujua kitu."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Rusinga mgeni husindikizwa hadi njiani, hata akiwa ameleta habari mbaya. Wao waliondoka wenyewe, wakipita kando ya kaburi, na Gichana akavua kofia yake.